Shanga za Bibi Zilipoanza Kunibana

Kama moyo wako unakimbia na wewe umekaa kwenye kigoda unachambua mchele, usikubali mtu akuambie ni uzee. Mimi niliambiwa ni uzee. Nikaambiwa ni presha, nikaambiwa ni mawazo, nikaambiwa kuna mkono wa mtu. Hayo yote hayakuwa. Sasa nakula, nalala, na mkono wangu unaandika mstari ulionyooka, kwa hiyo nawaandikia nyie mnaohangaika kama nilivyohangaika mimi. Sikusoma sana, niliishia darasa la nne. Ya kitaalamu waulizeni wenyewe wataalamu. Mimi nasema yaliyonipata.

Naitwa Mama Fidelis. Naishi Ilembo, hapa Mpanda, na shamba langu la mpunga liko Mwamkulu. Wajukuu ninao wengi, wote wazuri, lakini anayelala nyumbani kwangu ni mmoja, Zawadi, mtoto wa marehemu binti yangu Editha. Editha alifariki Zawadi akiwa bado anatambaa. Nimemlea mimi. Baba yake ni mvuvi wa Karema, kule ziwani, na ameshaoa mke mwingine. Sina ugomvi naye. Zawadi yuko darasa la pili, anasoma kuliko mama yake alivyosoma, na mdomo anao. Huo ameutoa kwangu.

Tena lazima niwaambie habari ya shanga, bila hizo hamtanielewa. Siku nilipotoka ndani na mtoto wangu wa kwanza, bibi yangu mzaa mama alinivalisha shanga zake. Ni shanga ndogo za kioo, nyeusi na nyekundu, zinakaa shingoni kabisa, hazining'inii. Nyumbani kwetu mwanamke havui shanga za bibi mbele ya mtu wa nje, na akienda mbele za watu anazifunika kwa mtandio. Halafu wanawake wa kwetu tuna shingo. Bibi alikuwa na shingo imejaa, mama hivyo hivyo, na wanaume walikuwa wanaisifia, wanasema hiyo ni shingo iliyoshiba, shingo ya mwanamke anayetunzwa. Yangu ilipoanza kujaa nilijiona na mimi nimefika.

Ugonjwa ulianza kiangazi, mpunga umeshaingia ndani. Nilikuwa natoka bombani na ndoo kichwani, njia ninayopita kila siku, haina hata mlima. Nikafika kwa jirani nikashusha ndoo. Moyo ulikuwa unapiga kama mashine ya kukoboa ambayo mtu ameiacha inazunguka haina mpunga ndani. Mnaijua ile. Inatetemesha ukuta na hakuna kinachotoka. Pumzi nikaitafuta sikuipata. Jirani akaniuliza kulikoni, nikamwambia ni jua tu.

Jua likaenda, moyo ukabaki pale pale. Nikaanza kusikia joto ambalo watu wengine hawalisikii. Zawadi amejifunika blanketi mpaka masikio, mimi nimelala chini kwenye saruji na dirisha liko wazi. Na kula! Nilikula kama mtu anayelimishwa. Ugali asubuhi, ugali mchana, na viporo vya Zawadi juu yake. Lakini magauni yakawa yananivuka. Majirani wakaanza kuniangalia kwa pembeni, nikajua wanafikiri nini. Nikaenda kupima mwenyewe, majibu yakatoka sina. Nikarudi nikasimama pale bombani nikawaambia wote wenye ndoo kwamba mimi nimepima na sina, sasa na wengine waseme wamepima lini. Siku ile niliteka maji wa kwanza.

Mikono nayo ikaanza kutetemeka. Chai yote inaishia kwenye kisosi. Nikitaka kushona kifungo, uzi haukubali kuingia kwenye sindano, namwita Zawadi, anatia mara moja ananirudishia huku anacheka. Hasira zikanipanda kwa vitu vidogo. Fidelis, mwanangu mkubwa, ana duka la vipuri vya pikipiki kule Majengo, mtu mzima ana watoto wanne. Nilimrushia mwiko kwa sababu alibamiza mlango. Hakuubamiza, ni upepo. Aliuokota, akausuuza, akaurudisha chunguni, akakaa. Ningefurahi kama angenijibu.

Katikati ya hayo, shanga zikaanza kunibana. Nikafikiri uzi umejikunja kwa jasho. Zawadi akazitungua, akatunga upya, tukaongeza shanga tulizonunua soko la Majengo, za plastiki, maana zile za kioo hazipatikani tena. Zikakaa vizuri. Baadaye zikabana tena, tukaongeza tena. Nikajitazama kwenye kioo: mifupa ya mabega imetoka nje, mikono kama mipini ya majembe, lakini shingo imejaa kuliko ya mama. Nikasema Mungu kaninyima mwili, angalau shingo kaniachia.

Zahanati nilikwenda. Wakanipa dawa za malaria, nikameza. Wakanipa za tumbo, nikameza. Mahali pengine kijana mmoja, ndevu bado zinamtafuta, akanisikiliza moyo halafu akaniambia bibi, haya ni mawazo. Nikamuuliza mawazo ya nini. Akasema ya maisha. Nikamwambia maisha nimeyaanza yeye hajazaliwa, nimezika mume na binti, na moyo haukukimbia, uje kukimbia leo nikiwa nachambua mchele? Akaniandikia dawa za usingizi. Nikalala mchana kutwa, na moyo ulikuwa unakimbia ndani ya usingizi.

Kwa mganga nako nilifika, sitaki kuwadanganya. Akaangalia, akasema ni mkono wa mtu, nilete kuku mweusi. Kuku mweusi nilikuwa naye, lakini anataga vizuri. Nikarudi nyumbani. Akina mama wa jumuiya yetu walikuja kuniombea, na baada ya sala walifua nguo zangu zote na kuzianika. Sala zilifika, naamini, lakini zile nguo safi niliziona kwa macho siku ile ile.

Kuna siku nilipelekwa kupigwa picha ya kifua. Yule wa picha akasema nivue shanga. Nikakataa. Tukabishana mpaka waliokuwa nje wakaanza kugonga mlango. Mwisho nikazisukuma juu kabisa, chini ya kidevu, nikashika na mtandio, akapiga. Picha ikatoka, kifua kizuri. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyeshinda kesi. Nilikuwa nimesimama uchi mpaka kiunoni mbele ya mashine ya serikali, na kitu kilichokuwa kinaniua nimekifunika kwa mkono wangu mwenyewe.

Mvua zikaja. Wakati wa kupandikiza nilikwenda shambani nikijua siwezi, kwa sababu mpunga haungoji mtu apone. Ilikuwa Jumamosi, Zawadi yuko na mimi, anabeba miche. Niliinama jarubani, nikasikia masikio yanavuma, halafu sikusikia tena. Nilipofumbua macho niko kwenye tope na kichwa changu kiko mapajani mwa Zawadi. Alikuwa amenishika kwa kidevu na kisogo ili pua isizame, na anapiga kelele mpaka watu wa mashamba ya jirani wakaja mbio. Koo lilimkauka siku mbili.

Fidelis alipiga simu Karema bila kuniuliza.

Bi Mwajuma akaja. Huyo ni mama yake baba yake Zawadi, mkwe mwenzangu. Anauza dagaa na samaki wa migebuka, mwanamke mnene, baibui lake halina hata kunjo. Haongei sana, na akiongea unatamani angenyamaza. Tulikaa sebuleni watu watatu, mvua inapiga bati. Fidelis akaeleza, akizungukazunguka. Bi Mwajuma akamkatiza.

"Mkwe, sikuja kukunyang'anya. Nimekuja kwa sababu mjukuu wetu amekutoa kwenye tope. Siku nyingine atakuwa shule, nani atakutoa? Na siku utakayokufa humu ndani, atakayekukuta ni nani? Siyo huyo huyo?"

Nilimjibu kwamba mtoto siyo kuku wa kuhamishwa banda kila mwenye banda akiugua. Lakini nilimjibu kwa sauti ndogo, kwa sababu pumzi ya kumjibu kwa sauti kubwa sikuwa nayo, na wote wawili walisikia hivyo. Yakaamuliwa hivi: mpunga ukishatoka shambani, kama bado mimi ni mtu wa kitandani, Zawadi anahamia Karema, atasoma kule. Kama nimesimama, anabaki. Nilikubali. Ningesema nini? Asubuhi wakati natandika nikakuta sare za shule za Zawadi zimelazwa chini ya godoro langu. Alizificha ili zisije zikafungwa kwenye begi. Nikaziacha pale pale, kila siku anazitoa anavaa, jioni anazirudisha.

Baada ya hapo nikamwambia Fidelis anipeleke popote anapopajua, sitachagua tena na sitamrushia mtu kitu. Akasikia kuna daktari wa magonjwa ya ndani amekuja hospitali, akanipeleka.

Tulikaa benchi tangu asubuhi. Nyie mnaojua mabenchi haya mnajua. Unamjua mtu kwa mgongo wake kabla ya uso wake. Benchi lilipojaa na mimi nimesimama nashika ukuta, mama mmoja wa Katumba akanisukumia kigoda chake. Alikuja nacho kutoka nyumbani, alisema amegundua ugonjwa wake unaweza kungoja lakini magoti yake hayawezi. Yeye akakaa chini akanyoosha miguu. Tulikula karanga zake. Sijui jina lake, na kama anasoma hapa ajue kile kigoda sijakisahau.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, mfupi, macho yamechoka. Kulikuwa na mvua, watu wote wamevaa masweta, mimi jasho linanichuruzika mpaka kwenye viatu. Hakuchukua kile kifaa chao cha kusikilizia. Aliniangalia tu, halafu akaniangalia mikono iliyokuwa inatetemeka mapajani.

"Mama, fungua mtandio."

Nikafungua.

"Na shanga, tafadhali."

"Hizi hazivuliwi mbele ya mtu wa nje."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Yeye akainuka, akamwomba Fidelis atoke, akafunga mlango na kushusha pazia, akarudi kukaa karibu yangu, goti kwa goti. Akasema, "Basi leo nihesabu wa nyumbani."

Nikafungua fundo. Zilikuwa zimekaza mpaka zimeacha alama kwenye ngozi. Alizipokea kwa mikono miwili, jambo ambalo nililipenda, akazipitisha vidoleni polepole. Akaniuliza mbona kuna za kioo na kuna za plastiki. Nikamwambia za plastiki tumeongeza. Lini? Kiangazi tuliongeza kidogo, mvua za kwanza tukaongeza, Krismasi tukaongeza tena.

"Kwa nini mliongeza?"

"Zilikuwa zinabana."

"Na wewe ulifikiri zinabana kwa nini?"

"Nilifikiri nanenepa."

Akauangalia mkono wangu, ule mpini wa jembe. Hakucheka. Nilicheka mimi, peke yangu, mpaka pumzi ikanikatika. Akanipa glasi ya maji na kioo kidogo kutoka kwenye mkoba wake, akaniambia nimeze huku najitazama. Nikameza. Nikaona kitu kinapanda na kushuka shingoni mwangu kama panya ndani ya gunia.

Alinieleza kwa maneno machache. Wazee wetu wanaliita rovu. Tezi ya shingoni imevimba na inafanya kazi kupita kiasi, na moyo unachapwa nayo ukimbie usiku na mchana. Joto, kukonda, mikono, hasira, vyote vinatoka pale. Akauliza mama yangu aliondoka kwa ugonjwa gani. Nikafungua mdomo nimwambie ni uzee, halafu nikakumbuka. Mama alikonda huku anakula. Mama alilala sakafuni. Mama alishindwa kutembea kutoka jikoni mpaka chooni, moyo unamkimbia, na siku ya mazishi kila aliyesimama kuongea aliisifia shingo yake. Nikamwambia daktari, mama alikufa na hiki hiki. Akanishika mkono, akangoja mpaka nimalize kulia. Huko nje foleni ilikuwa ndefu, lakini alingoja.

Damu ikapelekwa Mbeya na majibu yakarudi alivyosema. Nikapewa vidonge vya kuituliza tezi na vingine vya kuushika moyo. Akanionya kwamba nikipata homa au koo likaniuma ghafla nisisubiri, nirudi siku hiyo hiyo. Nawaambia na nyie, yaulizeni maonyo ya dawa zenu, msimeze tu kama karanga.

Dawa hazikukimbia kama moyo ulivyokimbia. Vidonge vya kwanza viliisha wakati wa palizi na sikuona tofauti. Nikaenda kuongezewa, mpunga ukaanza kutoa masuke, na asubuhi moja nikaamka nasikia kitu cha ajabu miguuni. Nikakaa kitandani nikifikiri ni nini. Ilikuwa baridi. Nikamwita Zawadi aniletee sweta. Akasimama mlangoni ananitazama, akauliza kama namtania. Nikavaa sweta, nikalia kidogo, nikanywa uji. Kuanzia hapo moyo ukawa unapungua mwendo siku hadi siku, mpaka nikawa naweza kumaliza sala nzima bila kupumzika katikati. Fidelis alibamiza mlango mwenyewe makusudi kunijaribu. Nikamwambia funga vizuri baba, basi.

Lakini uvimbe haukupungua, na ulikuwa unaibana njia ya hewa nikilala chali. Daktari akasema moyo ukishatulia inafaa nikafanyiwe upasuaji Mbeya. Upasuaji wa shingo. Mimi nimechinja kuku maisha yangu yote, najua shingo ikikatwa kinafuata nini. Nilirudi nyumbani sikumwambia mtu mpaka nilipomaliza kuvuna.

Na mpunga ukavunwa. Nilisimama shambani, nikakata kiasi changu, nikakaa nilipochoka. Bi Mwajuma akaja alivyosema, na ndoo ya dagaa na begi jipya la mtoto, tupu. Nililiona lile begi kabla sijamwona yeye. Zawadi akalipita uani bila kuligusa, akaenda kukaa chumbani kwangu. Nadhani alikalia godoro.

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimesimama wima, natembea, na mtandio umefunika. Lakini kwa kufunika nilikuwa nimeshalipa vya kutosha. Nikamkalisha Bi Mwajuma jikoni, nikavua mtandio na shanga, nikamwambia mkwe, moyo umetulia lakini sijamaliza, wanataka kunikata hapa. Aliitazama shingo, akaigusa kwa kidole kimoja kama anayekagua samaki. Maji ya ugali yakachemka.

"Utakaa huko muda gani?"

"Hawajasema."

"Na mtoto atakaa na nani?"

Nikasema kwa Fidelis wamebanana, sijui. Nilikuwa nangoja aseme basi nitaondoka naye. Yeye akachukua mwiko kutoka mkononi mwangu akaanza kusonga.

"Nitakaa mimi hapa. Mtoto hawezi kuhama shule katikati ya muhula kwa ajili ya shingo ya mtu. Ukirudi ukiwa huwezi, naondoka naye. Ukirudi unaweza, naondoka peke yangu. Na huu unga wako una vumbi."

Mbeya ni baridi, nyie. Niliyelala kwenye saruji nilipewa mablanketi mawili nikaomba la tatu. Asubuhi ya upasuaji nesi alikuja kuniambia nivue kila kitu cha shingoni, akawa tayari na maelezo marefu. Shanga nilikuwa nimeshazivua, nimezifunga kwenye leso, na Fidelis amezitia mfuko wa shati upande wa moyo. Nesi akasema bibi, wewe ni mwepesi kuelewa. Fidelis akageuka ukutani asicheke.

Nilipoamka nilitafuta kichwa changu kwanza. Kilikuwepo. Koo lilikuwa linauma kama nimemeza mwiba wa sato, na sauti imekwenda. Wiki kadhaa nilinong'ona tu, na wanangu nadhani walizifaidi. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwalimu wa Tunduma aliyekuja na shida hiyo hiyo, alikuwa anaogopa kumeza uji. Nikamshika mkono nikameza wa kwangu kwanza ili aone mtu anameza na kovu halifunguki. Akameza. Tukawa kila mlo tunahesabiana mafunda kama watoto. Sauti ilirudi polepole, na sasa kila asubuhi nameza kidonge kimoja cha kujazia pale tezi ilipotolewa, maisha yangu yote. Nameza kabla ya chai. Si kitu.

Nilirudi Mpanda na bandeji shingoni, nikakuta nyumba siyo yangu. Inanuka migebuka mpaka kwenye mapazia. Sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Nyuma ya choo kumeoteshwa mchicha. Na Zawadi amejifunza kula samaki kwa namna ya watu wa ziwani, anamtia mdomoni na kumtoa mifupa mitupu, anamwita Bi Mwajuma bibi, vile vile anavyoniita mimi. Wivu ulinishika, sitaficha. Lile begi jipya lilikuwa limening'inia kwenye msumari sebuleni.

Hakuna aliyelitaja. Bi Mwajuma alinipikia, alinikanda miguu, na alikuwa ananitazama. Nikienda bombani ananitazama. Nikiinama kupuliza moto ananitazama. Nilijua anapima, na nilijua ana haki ya kupima. Mimi mwenyewe nilikuwa naweka mkono kifuani mara kwa mara kusikiliza kama ile mashine imewaka. Ilikuwa imezimwa.

Bandeji ilipotolewa na kovu likakauka, nikafungua leso. Tulikuwa uani sisi watatu, jioni, Bi Mwajuma anachambua mchicha wake. Nikazifunga shanga shingoni. Zikaanguka mpaka kifuani.

"Umekuwa msichana wa mjini," Bi Mwajuma akasema. "Sasa subiri uchumbiwe."

Nikamwambia Zawadi alete uzi na sindano. Akaleta, na kwa mazoea yake akalamba uzi, akafumba jicho moja atie. Nikamwambia aache, anipe. Bi Mwajuma akaacha kuchambua. Nikanyanyua sindano juu, upande wenye mwanga, nikaileta ncha ya uzi. Vidole vilikuwa vimetulia kama vya mtu mwingine. Uzi ukaingia mara moja, ukatokea upande wa pili. Nikazikata shanga, nikaanza kuzitunga upya moja moja, za kioo tu, nyeusi na nyekundu, nyeusi na nyekundu, na zile za plastiki nikaziacha kwenye ungo. Zilipofika shingoni zilikaa palepale bibi aliponiwekea, juu kidogo ya kovu. Kovu linaonekana, na silifuniki.

Bi Mwajuma akajifuta mikono, akaingia ndani. Tulimsikia anafungua na kufunga vitu. Akatoka na begi lake mwenyewe, kuukuu, limejaa. Lile jipya alilileta mkononi, tupu, akampa Zawadi.

"Hili ni la madaftari. Gari la Karema naondoka nalo kesho." Halafu akanigeukia. "Likizo utamleta mwenyewe, nikuone unavyoshuka garini."

Nilimpeleka. Nikashuka, nikabeba na mzigo.

Sasa haya ndiyo ninayotaka mjue. Moyo ukikimbia bila sababu, usiishie kwenye jibu la kwanza. Kitu unachokificha kwa heshima, mtandio, shanga, hirizi, kiondoe mbele ya daktari, na kama unaona aibu mwambie, atafunga mlango. Ukoo wetu wote nimeshawaita. Wasichana wote, wakubwa kwa wadogo, nimewasimamisha uani mwangu, kidevu juu, glasi ya maji mkononi, nikawaangalia wakimeza mmoja mmoja. Binti mmoja wa dada yangu nilimwona panya wake, mdogo sana. Ameanza dawa mapema, hana hata dalili, na ananichukia kwa sababu nimemwambia mbele za watu. Atazoea.

Zile za plastiki Zawadi aliniomba, nikamtungia. Zinamkaa vizuri. Akaniuliza kama akikua tutaziongeza. Nikamwambia akikua tutaongeza, ndiyo, lakini zikianza kumbana asiende sokoni kununua nyingine. Aje kwangu nimpe maji anywe, na mimi nimwangalie shingo.